Mgonjwa Asiachwe na Wimbo Mtupu

Kuna mahubiri ya aina mbili yanayosikika siku hizi katika nchi yetu hii ya Handeni na Korogwe, na yote mawili yanawaonea wanaoteseka. Ya kwanza humwambia mgonjwa kwamba angekuwa na imani ya kutosha angekwisha kupona zamani. Basi atoe sadaka kubwa zaidi na kupakwa mafuta ya upako. Ya pili humwambia mjane aliyenyang'anywa shamba na mashemeji zake kwamba anyamaze, huo ndio msalaba wake. Mhubiri wa kwanza humtia mtu aibu kwa sababu ya maumivu yake. Wa pili humwachia maumivu hayo kana kwamba ni mali yake halali. Nami nasema furaha ya Kikristo katika mateso haijulikani kwa yeyote kati yao.

Sisi wa Segera hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Vita Kuu ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa wakitawala nchi hii waliwatia kizuizini wamisionari Waingereza wa UMCA, misheni iliyokuwa imejenga makanisa na shule Magila, Korogwe na vijiji vingi vya Ubondei na Uzigua. Waafrika waliofundisha na kuhudumu pamoja nao walishukiwa kuwa wapelelezi wa adui. Walikamatwa, wakapigwa viboko, wakatiwa minyororo. Korogwe na Handeni zilitwaliwa na majeshi ya Waingereza Juni 1916, lakini wafungwa wengi walikuwa wamekwisha kupelekwa bara.

Mmoja wao, Samuel Sehoza, aliandika habari zake katika kitabu kidogo cha Kiswahili, Mwaka katika Minyororo, kilichochapwa London mwaka 1921. Askofu Frank Weston wa Zanzibar naye alikwisha kumwandikia Jenerali Smuts barua ya wazi, iliyochapwa mwaka 1918, akishitaki namna Wajerumani walivyowatendea Waafrika. Mambo hayo mawili yaende pamoja. Mfungwa aliyekuwa na imani hakuona dhambi kuwasimulia watu wa lugha yake aliyotendewa, wala askofu hakuwaambia waumini wake kwamba minyororo ni baraka huku yeye akikaa kimya.

Tena fikirini jinsi mnyororo wa wakati wa Mjerumani ulivyokuwa. Wafungwa walifungwa shingoni, watu kadhaa kwenye mnyororo mmoja. Mmoja akijikwaa, wote huvutwa. Mmoja akiugua, wenzake humbeba au husimama. Aliyeomba katika hali hiyo aliomba huku akisikia pumzi ya mwenzake. Nguvu ya imani ilipatikana hapo, katikati ya watu, kabla ya kupatikana mimbarani.

Maandiko yasema vivyo hivyo, tukiyasoma mpaka mwisho. Tunapenda sana kuhubiri juu ya Paulo na Sila kule Filipi, wakiimba usiku wa manane na gereza likitikisika. Wachache huendelea mbele. Mlinzi wa gereza aliwachukua saa ile ile akawaosha majeraha, akawaandalia chakula, na furaha inayotajwa katika nyumba ile inakuja baada ya maji hayo na chakula hicho. Kulipokucha mahakimu wakatuma watu wawafungue kimya kimya. Paulo akakataa kutoka! Alikuwa raia wa Rumi, amepigwa hadharani bila kuhukumiwa. Akataka mahakimu waje wenyewe kuwatoa. Mtu aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi. Anayemkataza mjane kudai shamba lake kwa jina la Mungu amesoma nusu ya sura.

Baadaye Paulo, akiwa kifungoni tena, aliwaandikia Wafilipi hao waraka ambao furaha inatajwa ndani yake mara kwa mara. Kwa nini waraka huo uliandikwa? Pamoja na mengine, ni wa shukrani. Wafilipi walikuwa wamemtuma Epafrodito na msaada, naye akaugua karibu ya kufa. Furaha ya mfungwa ilifikishiwa mahitaji na miguu ya mtu. Na Bwana wetu mwenyewe, bustanini Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee, akawaomba rafiki zake wakeshe naye. Ikiwa Mwana wa Mungu hakutaka kubaki peke yake na uchungu wake, sisi ni nani tumwambie mgonjwa kwamba Yesu tu anatosha, kisha tufunge mlango?

Mtu ataniuliza: kama mateso huzaa saburi na tumaini, kwa nini tuhangaike kuyaondoa? Jibu liko Kwamkono, wilayani Handeni. Masista wa jumuiya ya Mateso Matakatifu, aliyoianzisha Askofu Weston mwaka 1911, waliyatafakari mateso ya Kristo kila siku katika sala, na tafakari hiyo ndiyo iliyowapeleka kwa wagonjwa. Kwa miaka mingi watoto waliopoozwa na polio walitunzwa nao Kwamkono. Waliopiga magoti mbele ya msalaba hawakuona kwamba mtoto aachwe atambae ili apate thawabu. Waliinuka wakamshughulikia.

Na sisi? Pale njia panda ya Segera, ambapo mabasi ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam hupita usiku na mchana, tunajua ajali ni nini. Tunajua mwaka ambao mvua hukatika na mahindi ya Handeni kukauka yakiwa mbelewele. Basi Jumapili hii, wakati wa matangazo, wazee wa kanisa waulize ni nani hajaonekana ibadani. Atakayempelekea uji aliyelazwa hospitali ya Magunga atajwe kwa jina, na siku yake iandikwe. Mwenye pikipiki ajitolee safari moja. Na yule mjane atafutiwe watu wawili wazima, wanaojua mipaka ya shamba la marehemu, waende naye hadi baraza la ardhi, wakae upande wake mpaka shauri lisikilizwe.