Likizo na Televisheni
Likizo ya Juni ikiingia, watoto wetu wa Mtwara na Mikindani huuliza watazame nini. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973 na Bara mwaka 1994. Sisi tulikua bila ya hiyo. Kwa hivyo tuliwakataza wanetu kabisa, nao wakaenda kujificha katika banda la video, wakatazama yasiyofaa hata Magharibi ikawapita. Kosa lilikuwa letu. Sasa twachagua pamoja nao: Tanzania Safari Channel ya TBC, iliyoanza mwaka 2018, yaonyesha wanyama na mbuga, viumbe vya Mola wetu. Twakaa nao tukiwaeleza. Adhana ikisikika, twazima. Mzazi asipochagua, mwenye banda humchagulia.