Tumwambie Daktari Dawa Zote, Hata za Wasiwasi

Sisi tunaoandika makala hii ni wanachama watatu wa klabu, wote tukiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Wazazi wa mmoja wetu walitoka Tanga, wa mwingine Mombasa, na wa mwingine Bukavu. Sisi wenyewe tumekulia hapa Ohio. Kiswahili chetu ni cha jikoni na cha simu za Jumapili, na ndicho tunachojitahidi kukinyoosha darasani. Tumeamua kuandika pamoja kwa sababu jambo hili lilimpata mmoja wetu, naye hataki tumtaje ni yupi. Tulipoketi kulizungumza, wengine wawili tulikiri kwamba sisi pia tungefanya vilevile.

Mwenzetu alifanyiwa upasuaji wa macho kwa leza. Anatumia dawa ya wasiwasi. Aliificha, na kuificha huko kukamletea taabu ambayo upasuaji wenyewe haukuileta. Hoja yetu basi ni fupi: kumeza dawa ya wasiwasi kabla ya upasuaji au baada yake si aibu. Hatari iko katika kumficha daktari.

Tuanze na woga wenyewe, kwa kuwa wapo wanaodhani ni wa kitoto. Upasuaji huu si mgeni. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha leza ya kwanza ya kusahihisha macho yasiyoona mbali mwaka 1995, na tangu hapo mamilioni ya watu wamefanyiwa. Hata hivyo mgonjwa halazwi usingizi. Hutiwa matone ya ganzi, kope zikazuiwa kwa kifaa kidogo zisifumbe. Kisha jicho hushikwa kwa pete inayofyonza, na kwa sekunde kadhaa kuona hufifia hadi giza. Daktari hukata kijifuniko chembamba kwenye konea, yaani ule utando mwangavu wa mbele ya jicho, akakifunua. Leza huchonga sehemu ya chini yake kwa muda usiozidi dakika moja hivi, halafu kijifuniko hurudishwa mahali pake bila kushonwa. Muda wote huo mgonjwa yu macho. Anatazama kitaa kinachomwekamweka, anasikia mlio wa tak-tak-tak, ananusa harufu kama ya nywele zilizoungua. Mashine za siku hizi hufuatilia mwendo wa jicho na husimama jicho likienda mbali, lakini mgonjwa bado anatakiwa atulie. Mtu akiogopa hayo, haogopi kivuli chake.

Hapo ndipo dawa zinapoingia, nazo ni za aina mbili ambazo nyumbani kwetu huchanganywa.

Aina ya kwanza ni kidonge cha siku moja. Kliniki nyingi hapa humpa mgonjwa dozi ndogo ya diazepamu, ambayo wazazi wengi wanaijua kwa jina la Valium, muda mfupi kabla ya kuingia. Dawa hii imekuwako tangu mwaka 1963. Humtuliza mtu bila kumlaza. Lakini hukaa mwilini muda mrefu, hata siku inayofuata sehemu kubwa yake huwa bado imo. Kwa hiyo aliyeimeza haendeshi gari kurudi nyumbani, hanywi pombe, wala hachanganyi na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni. Na karatasi za ridhaa husomwa na kutiwa saini kabla ya kuimeza, akili ikiwa bado nyepesi.

Aina ya pili ni kidonge cha kila siku, kama vile sertralini, ambacho daktari humwandikia mwenye ugonjwa wa wasiwasi. Hiki hakimtulizi mtu ndani ya saa moja. Huchukua majuma kadhaa kuonyesha nafuu, tena hakiachwi ghafla. Anayekiacha ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, kukosa usingizi, na mishtuko kama ya umeme kichwani. Zaidi ya hayo, dawa za jamii hii zinaweza kukausha macho. Upasuaji wa leza nao hukausha macho kwa majuma au miezi, kwa sababu hukata neva ndogo za konea zinazoamsha machozi. Daktari anayejua mgonjwa wake anameza nini ataangalia machozi kwa makini zaidi kabla ya kuamua, na atapanga matone mapema. Asiyejua anafanya kazi na nusu ya habari.

Mwenzetu alimpa daktari nusu ya habari. Amevaa miwani tangu darasa la tatu. Bima nyingi huuona upasuaji huu kuwa ni wa hiari na haziulipii, kwa hiyo alifanya kazi ghalani majira mawili ya kiangazi, akipanga vifurushi, mpaka akapata fedha. Siku ilipofika mama yake alimsindikiza. Fomu iliuliza anatumia dawa gani. Alikuwa na zaidi ya mwaka akimeza sertralini aliyoandikiwa kwenye zahanati ya chuo, akiinunua kwa fedha zake mwenyewe ili isionekane kwenye barua za bima zinazofika nyumbani. Mama alikuwa ubavuni, macho yake yakiifuata kalamu. Mwenzetu aliandika kwamba hatumii dawa yoyote. Nesi alipomuuliza tena kwa mdomo, Mama akiwa palepale, jibu likawa lilelile. Akapewa kidonge cha kutuliza juu ya dawa ambayo hakuna aliyejua kwamba imo mwilini mwake. Bahati nzuri hakikumdhuru, lakini usalama wa mtu usiachiwe bahati.

Wako watakaouliza ni mtu gani mzima anayemwogopa mama yake kiasi hicho. Sisi hatuulizi. Tulipokuwa na miaka tisa au kumi, wengi wetu ndio tuliowatafsiria mama zetu hospitalini. Tulijifunza mapema kupunguza maneno. Lile ambalo Mama aliona haya kulisema, hatukulifikisha kwa daktari. Lile ambalo daktari alilisema kwa ukali, hatukulifikisha kwa Mama. Leo tumekua, wao ndio wanaotusindikiza, na tabia ile ya kupunguza maneno tumebaki nayo.

Upasuaji ulikwenda salama. Mwenzetu alikwenda kupumzika kwa mama yake, na chupa ya vidonge ikabaki bwenini, ndani ya soksi. Siku ya kwanza na ya pili macho yaliwasha kidogo, akatia matone yake, akalala na vikinga vya plastiki machoni kama alivyoagizwa. Siku ya nne dunia ilianza kuyumba. Kila akigeuza macho, kichwa kilipigwa na kitu kama umeme. Taa za barabarani zilikuwa na duara la mwanga, jambo ambalo ni la kawaida baada ya leza, lakini yeye hakuona tena la kawaida ni lipi. Saa nane usiku aliamini kwamba macho yameharibika na kwamba atapofuka. Akaipigia kliniki simu ya dharura, akiwa jikoni, akilia, na kulia kwenyewe kukimtia hofu zaidi.

Daktari wa zamu alimuuliza swali lile lile la kwenye fomu. Safari hii alijibu kweli. Aliambiwa jicho litazamwe asubuhi, na kwamba dalili za kichwani zinafanana na za mtu aliyekatiza dawa ghafla, kwa hiyo azungumze mara moja na aliyemwandikia. Asubuhi jicho lilipimwa, likakutwa zima.

Lakini kabla ya asubuhi palikuwa na Mama, aliyesimama mlangoni na kusikia yote. Kiingereza cha mama zetu ni kikubwa kuliko tunavyodhani. Mwenzetu alingoja aambiwe kwamba ameiaibisha familia. Mama alisema, "Kwa daktari husemi uongo, mwanangu. Ningejua umemdanganya, nisingekuacha ulale kwenye kile kitanda." Kisha akasema, "Vaa viatu, twende tukazichukue hizo dawa." Wakaenda usiku uleule.

Hatusemi kwamba mama huyo amebadilika akawa mpenzi wa vidonge. Hadi leo havipendi, na kila mwezi huuliza vitaachwa lini. Lakini sasa anauliza, na anajibiwa. Waswahili wamesema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa tukiisikia methali hii kama mzaha wa watu wazima, kumbe ni maneno ya chumba cha daktari.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu, nayo yana uzito. Mzazi aliyevuka mpaka kwa miguu na mtoto mgongoni, akiambiwa mwanawe anahitaji kidonge ili atazame kitaa kwa dakika chache, akiguna tunamwelewa. Kujikaza kumewafikisha mbali, na sisi tumefika hapa kwa kubebwa na kujikaza kwao. Ila kujikaza hakumwambii daktari kilichomo mwilini.

Wengine watasema dawa hizi humfanya mtu mtumwa. Kwa diazepamu na ndugu zake, wamesema kweli. Mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa iliagiza onyo kali zaidi liwekwe kwenye dawa za jamii hiyo kuhusu uraibu na mwili kuzizoea. Hiyo ndiyo sababu tunasema kidonge kitoke mkononi mwa daktari wako, kwa siku yake na kipimo chake, wala kisitoke kwenye mkoba wa shangazi au kwa rafiki wa chumbani. Kliniki nyingine humpa mtu kidonge cha kumsaidia alale saa za kwanza baada ya upasuaji, wakati macho yanapochoma. Hakuna ubaya. Lakini hofu ikiendelea siku baada ya siku, dawa yake ni kurudi kwa daktari na kusema, si kutafuta vidonge zaidi. Na wako ambao baada ya kusema kila kitu watashauriwa waahirishe, au wabaki na miwani. Hilo nalo ni jibu zuri.

Wengine watasema tumwombe Mungu. Tunaomba. Mama wa mwenzetu alisoma dua ndani ya gari njia nzima, na mwenzetu anasema ilimtuliza. Dua na dawa hazijawahi kugombana. Wanaogombana ni watu.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi kama klabu ya Kiswahili, nalo ni maneno. Mtoto akisema nyumbani "nina wasiwasi," anajibiwa "usijali, kula chakula." Neno lenyewe, lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya minong'ono ya moyoni, limebeba kila kitu, kuanzia hofu ya mtihani hadi ugonjwa wa kweli. Na mtu akijaribu kueleza dawa, maneno aliyonayo ni "dawa ya usingizi," "dawa ya wazimu," au mbaya zaidi, "madawa." Ukimwambia mama yako kwa maneno hayo kwamba unatumia dawa, umekwisha kumtia hofu kabla hujamweleza. Darasani nako, katika somo la hospitalini, mgonjwa ana malaria. Muhula unaofuata ana malaria tena. Tumejifunza kusema tumbo linauma, kichwa kinauma, homa imepanda. Hatujajifunza kusema, "Mama, moyo hunienda mbio bila sababu, daktari ameniandikia dawa ya kila siku, na inanisaidia."

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza ni kwa walimu wetu: tunaomba kipindi kimoja tu katika muhula, tujifunze kuzungumza kwa Kiswahili juu ya ugonjwa wa wasiwasi, sonona na dawa zake, na tuigize mazungumzo na mzazi kama tunavyoigiza kununua nyanya sokoni. La pili ni kwa klabu: jioni moja ya Meza ya Kiswahili tuwaalike wazazi, na tumwombe nesi au mfamasia mmoja wa kwetu, maana wapo wengi katika mji huu, azungumze nao kwa lugha yao. Neno la mtoto hudharauliwa mahali ambapo neno la mtu mzima husikilizwa.

La tatu ni kwa kila mwanachama aliye na fomu ya daktari mbele yake, iwe ya macho, ya meno au ya goti. Andika kila dawa, pamoja na ya mzio na ya mitishamba. Ukiwa na miaka 18, habari zako za afya ni zako, na una haki ya kumwomba nesi uzungumze naye faragha. Mwambie tu, "Naomba maswali haya niyajibu peke yangu." Mama akiuliza mlikuwa mkisema nini, mjibu ukiwa tayari. Ukiwa hujawa tayari kwa mama yako, kwa daktari uwe tayari siku hiyohiyo. Wala usiache dawa ya kila siku kwa kuona haya ya kuibeba. Iweke kwenye mfuko mmoja na matone ya macho.

Mwenzetu sasa anaona bila miwani. Asubuhi anameza kidonge chake, anatia matone, anakuja darasani, na ndiye aliyetusahihishia ngeli katika makala hii. Yaliyosalia na makosa ni yetu sisi wawili.