Hofu Haiwi Ithibati

Mnamo Februari 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Johnnie Baxstrom, mtu ambaye, baada ya kufungwa New York kwa kosa la kushambulia na kuonekana ana maradhi ya akili akiwa kifungoni, alimaliza muda wake asifunguliwe, bali akaendelea kuzuiliwa katika hospitali ya Dannemora, iliyokuwa chini ya idara ya magereza, ilhali hapakuwa na mahakama yoyote iliyothibitisha kwamba yu mtu wa hatari. Mahakama ilisema amenyimwa usawa wa sheria, na kwa mujibu wa hukumu hiyo wagonjwa 967 wa Dannemora na wa Matteawan, hospitali nyingine ya namna hiyo, wakahamishiwa hospitali za kawaida za maradhi ya akili, ambako watumishi waliwapokea kwa hofu kubwa, kwa kuwa hao ndio wale wale waliokuwa wakitajwa, mwaka baada ya mwaka, kuwa hawafai kukaa na watu.

Yaliyofuata yanastahili kutiwa maanani na kila mwenye madaraka. Wataalamu Henry Steadman na Joseph Cocozza waliifuatilia habari ya wagonjwa hao, wakaona kwamba kwa muda wa miaka minne ni 26 tu waliorudishwa katika hospitali ya wahalifu. Huenda mtu akasema kuwa wengi wao walikuwa wamekwisha kuwa watu wa makamo, na kwamba umri hupunguza ukali. Naam, lakini umri huo matabibu waliuona siku zote, na haukumfungulia mtu mlango.

Taksiri hii ya kuwadhania watu kuwa wa hatari ina asili yake katika hesabu. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba wagonjwa 100 wanangojea kuachiliwa, na 10 kati yao ndio watakaodhuru watu, na tabibu wetu ni hodari wa kupatia mara 8 katika kila 10. Katika wale 10 atawatambua 8. Lakini katika wale 90 wasio na madhara atawakosea 18, hata orodha yake ya watu wa kuzuiliwa iwe na majina 26, ambayo zaidi ya nusu yamo kwa dhuluma. Na lawama haigawiwi kwa insafu: mmoja akiachiliwa akaua, magazeti yataandika na tabibu ataitwa ajieleze, lakini wale 18 wakizeeka nyuma ya ukuta, hapana atakayeuliza, maana aliyezuiliwa hana njia ya kuonyesha kwamba asingalidhuru.

Tangu zama hizo elimu imesonga mbele. Kipimo kiitwacho HCR-20, kilichotungwa Canada mwaka 1995, humtaka mpimaji atazame mambo 20: 10 ya maisha yaliyopita, kama ujeuri wa zamani na ulevi, 5 ya hali ya mgonjwa ya sasa, na 5 ya huko aendako, kama vile watu wa kumsaidia watakuwapo au hawatakuwapo, na kama atayakubali matibabu. Haya ya mwisho ndiyo niyaonayo kuwa na faida kubwa kuliko yote, kwa sababu ya jana hayabadiliki, ilhali makazi, dawa na usimamizi vimo katika uwezo wetu. Tabibu akiulizwa, "Mtu huyu ni wa hatari?" hujibu kwa kukisia, lakini akiulizwa, "Apewe nini asidhuru?" hujibu kwa elimu yake.

Sisi Watanzania nasi tuna Isanga, Dodoma, jirani na hospitali ya Mirembe, wanakotunzwa wagonjwa wahalifu, na jambo hili si la wageni peke yao. Jamaa wa aliyeuawa wana haki ya kulindwa, wala sisemi malango yafunguliwe kwa pupa. Mgonjwa ambaye bado anasikia sauti zikimwamuru apige, na ambaye amekataa dawa, azuiliwe pasi na kusitasita. Lakini serikali imzuiayo mtu kwa tendo ambalo bado hajalitenda haina budi kuubeba yenyewe mzigo wa ithibati, kila mwaka upya, mbele ya hakimu na tabibu asiyekuwa mtunzaji wake, na mgonjwa akiwa na wakili wa kumsemea. Na ikishindwa kuthibitisha, imwachilie, pamoja na dawa zake na mtu wa kumtembelea.