Ng'ombe hakuwa mgonjwa, kilima ndicho kilikuwa kigonjwa

Juma hili tuzungumze juu ya majani. Najua wengine watacheka: majani si yanaota yenyewe? Hata mimi niliwaza hivyo, mpaka siku nilipokosa maziwa ya watoto.

Nilikuwa na ng'ombe mmoja tu. Wakati wa mvua alitupatia lita nne kwa siku. Kiangazi kilipofika, mwezi wa saba, hata lita moja hakufikisha. Nikanunua chumvi, nikanunua dawa ya minyoo, nikaanza hata kuwaza kwamba kuna mtu mwenye jicho baya. Mama mmoja mzee wa kikundi chetu, aliyechunga ng'ombe wa baba yake tangu utoto, akaja kuangalia. Hakumshika ng'ombe. Alipanda kilimani, akainama, akaweka kiganja chini. Akasema: «Mwanangu, ng'ombe wako ni mzima. Kilima chako ndicho kigonjwa.»

Kweli, majani yalikuwa mafupi kama kucha, na udongo mwekundu ulikuwa wazi kila mahali.

Akanieleza hivi. Jani ndilo jiko la mmea. Kwa jani, na kwa jua, mmea unapika chakula chake na kulisha mizizi. Ng'ombe akilikata leo, mmea unatumia akiba ya mizizi kuotesha lingine. Akirudi kesho na keshokutwa palepale, akiba inaisha, mizizi inakuwa mifupi, mmea unakufa. Mahali pake panaota magugu ambayo ng'ombe hataki. Kisha mvua ya mwezi wa tisa inashusha udongo mpaka kwenye maharagwe ya jirani aliye chini. Hapo ndipo ugomvi unaanzia, na sisi wamama tunaacha kusalimiana kisimani.

Basi tulifanya nini? Tuligawa malisho yetu sehemu nne kwa vijiti na kamba. Ng'ombe anakaa sehemu moja kwa juma moja, nyingine tatu zinapumzika. Wakati wa mvua majuma matatu au manne yanatosha majani kurudi. Wakati wa jua yanahitaji zaidi. Ukisahau hesabu, tumia mkono wako: majani yakifika shibiri moja, ng'ombe aingie, yakibaki vidole vinne, atoke. Hata anayefunga ng'ombe kwa kamba kandokando ya njia anaweza kufanya hivyo. Asipige kijiti palepale kila asubuhi.

Ya pili: tulipanda matete, yale tunayoita bingobingo, kwa mistari inayokata mteremko. Yanashika udongo, na yanalisha. Tunayakata kila baada ya majuma sita hadi nane, kabla hayajawa magumu, na tunaacha kisiki cha upana wa kiganja ili yaote tena. Samadi inarudi pale pale. Kumbuka, ng'ombe wa kilo 300 anataka karibu kilo 30 za majani mabichi kwa siku, na maji juu yake. Mistari miwili haitoshi.

Ya tatu: tuliacha kuchoma kilima. Moto unaleta majani mabichi haraka, ni kweli, lakini unaacha udongo uchi mvua inapokuja. Sasa, mvua inapokaribia kuisha, tunakata majani yaliyozidi, tunayaanika siku mbili tatu, tunayageuza, tunayaweka chini ya paa. Yakiwekwa na unyevu yanaoza, na ng'ombe asipewe majani yenye ukungu.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Bwana wangu aliuliza: «Majani yapo, kwa nini ng'ombe ayaangalie akiwa na njaa?» Sikubishana. Nilimwomba kona moja tu, kwa mwezi mmoja. Mwezi ulipoisha alienda mwenyewe kuangalia, akarudi kimya, kesho yake akakata vijiti vya sehemu zilizobaki. Mwaka wa kwanza maziwa hayakuongezeka, na tuliuza mbuzi ili kulipa minervali. Kiangazi cha pili tulipata lita mbili kwa siku mpaka mvua iliporudi. Si nyingi, lakini watoto walikunywa, na jirani wa chini hakuja tena kulalamika. Alikuja kuomba vipande vya bingobingo vya kupanda.

Najua kati yetu wako wasio na kilima. Kwao, kikundi kinaweza kumwomba chifu wa kijiji ruhusa ya kupanda majani kandokando ya njia na mifereji, na kupatana mapema nani atakata siku gani. Mapatano yafanywe kabla majani hayajaota. Yakishaota kila mtu ana haki yake.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Kabla ya mkutano, kila mama apande malishoni, aweke kiganja chini, apime: ni shibiri, ni vidole vinne, au ni udongo mtupu? Aje atuambie bila haya. Mimi nilianza na udongo mtupu.

Tutaonana juma lijalo.