AFONSO YUPI?

Sisi tunaoshika buku la mishahara katika mine twaijua taabu ya majina. Pierre ni wengi, Joseph ni wengi; ukiita mmoja dirishani, watatu wanakuja. Kwa hiyo karani haandiki "Pierre" tu, bali huuliza: Pierre yupi, mwana wa nani? Basi twashangaa kuona mabuku ya historia yakiandika "Mfalme Afonso" kana kwamba hapakuwa na Afonso mwingine duniani.

Akina Afonso walikuwa wengi. Afonso wa kwanza wa Ureno alikufa mwaka 1185, wala hakuisikia habari ya Kongo. Wetu ni mwingine: Mvemba a Nzinga, maana yake Mvemba mwana wa Nzinga. Baba yake, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa Mbanza Kongo mwaka 1491 akaitwa João, kwa sababu mfalme wa Ureno wakati ule alikuwa João wa pili. Mke wake akapewa jina la malkia wa Ureno, Leonor, na mtoto akapewa la mwana wa mfalme wao, Afonso. Yule mwana wa Ureno alianguka na farasi akafa mwaka uleule, hakutawala hata siku moja. Wetu alitawala zaidi ya miaka 30. Ni nani basi anayestahili kukumbukwa kwa jina hilo?

Wako wanaosema kwamba jina moja ni undugu. Haya, tutazame. Mwaka 1526 Mvemba a Nzinga alimwandikia João wa tatu wa Ureno, akimwita ndugu, kama wafalme walivyoitana. Alimweleza kwamba wafanya biashara wanakamata watu wake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na nchi inaisha watu. Aliomba asiletewe tena bidhaa, ila mapadri, walimu, na divai na unga wa misa. (Tusifiche neno: yeye naye alikuwa amepeleka watumwa Ureno.) Biashara ile haikukoma. Tena tarehe 29 Oktoba 1665, katika vita ya Mbwila, jeshi la Wareno kutoka Luanda lilimwua mfalme António wa kwanza wa Kongo na kumkata kichwa. Aliyekaa katika kiti cha Ureno siku ile aliitwa Afonso, wa sita.

Na jina Nzinga si la mtu mmoja. Wengine humdhania malkia Nzinga kuwa binti wa Nzinga a Nkuwu. Sivyo. Huyo alikuwa malkia wa Ndongo na Matamba, upande wa kusini, akafa mwaka 1663, zaidi ya miaka 150 baada ya mzee yule. Jina lake la ubatizo, Ana de Sousa, lilitoka kwa gavana wa Luanda, João Correia de Sousa.

Hatusemi majina ya ubatizo yatupwe. Sisi wenyewe tunayo na tunayapenda. Twawaomba walimu waandike ubaoni yote mawili, Afonso Mvemba a Nzinga, na pembeni mwaka wa barua yake, 1526. Nafasi ubaoni ipo.