KUULIZA SI UJINGA

Vyuo vya biashara vya Ulaya na Marekani vina desturi ya kuwaita watu mkutanoni kabla ya kupokea maombi yao. Tumewaona vijana wakienda huko kama waendao arusini: hula, hupokea vitabu vyenye picha nzuri, kisha hurudi nyumbani bila kuongeza maarifa.

Ndugu, mkutano ule ni soko. Mwenye duka hatangazi kasoro ya nguo yake. Ni juu ya mnunuzi kuikunjua na kuitazama.

Basi yafaa kwanza usome habari za chuo ungali nyumbani, usije ukauliza yaliyokwisha kuandikwa. Pili, uliza muda na gharama pamoja. Shahada ya pili ya biashara katika Harvard huchukua miaka 2. Katika INSEAD, Ufaransa, huchukua miezi 10. Kwa mfanyakazi aliyeacha kazi, tofauti hiyo ni mshahara wa zaidi ya mwaka mmoja. Tatu, mtafute aliyekwisha kusoma hapo, umwulize kando: Alipata kazi gani? Baada ya muda gani? Deni lake amelimaliza?

Wala usione haya kuuliza habari za msaada wa ada. Fedha utakazolipa ni jasho lako, na pengine ni shamba la wazee wako. Chukua kalamu, uandike kila jibu. Mali bila daftari hupotea bila habari.