Daftari la mvua ni mali ya umma

Vijana wanaomaliza vyuo na shahada zao za takwimu au kompyuta hunijia na swali lilelile: nikitaka kufanya kazi ya data kwenye utafiti wa mabadiliko ya tabianchi, nijifunze nini? Wengi hutarajia niwatajie akili mnemba. Nawajibu kwamba hiyo wataikuta njiani. Kwanza wajifunze kusoma daftari la mvua. Wapo wanaodhani nawavunja moyo. Mimi nawaeleza kazi ilivyo, na leo nataka kuieleza pia kwa wasio wanafunzi wangu, hasa wale wanaopitisha bajeti.

Data ninazoshinda nazo ni za mvua ya kaskazini mashariki mwa Tanzania: Usambara, Upare na uwanda wa mkonge kutoka Korogwe kuteremka Tanga. Nyingi zilianzia kwenye karatasi. Mashamba ya mkonge na chai, misheni, shule na vituo vya utafiti kama Amani, kilichofunguliwa na Wajerumani mwaka 1902, viliweka vipima mvua. Kila siku, saa 3 asubuhi, mtu alikwenda kusoma maji yaliyokusanyika na kuandika. Karatasi hizo hupigwa picha, huchapwa kwenye kompyuta, ndipo zinatufikia. Na hapo ndipo shughuli inapoanza, kwa sababu namba ya mvua haijielezi yenyewe.

Chukua sifuri. Kwenye ukurasa wa mwezi Agosti nakuta sifuri 31 zimepangana. Je, mvua haikunyesha kweli, au msomaji alikuwa likizo na aliyechapa akajaza sifuri palipoachwa wazi? Ya kwanza ni kiangazi, ya pili ni pengo, na ukizichanganya utazalisha ukame ambao haukuwahi kutokea. Inabidi niangalie vituo jirani, niangalie mwandiko, niangalie kama wino wa siku zote 31 ni wa mkupuo mmoja. Kituo kingine hakina mvua hata Jumapili moja kwa miaka na miaka, halafu Jumatatu zake zina mvua nyingi mno. Siku ya ibada hakuna aliyekwenda kusoma, kwa hiyo maji ya siku mbili yameandikwa kama ya siku moja. Kompyuta ukiiachia peke yake itakutangazia kwamba milimani Jumatatu ndiyo siku ya mafuriko. Madaftari ya zamani ni ya inchi, na mahali fulani yanahamia milimita bila mtu kuandika kwamba kipimo kimebadilika.

Kuna na jambo la tarehe, ambalo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Maji yanayosomwa saa 3 asubuhi mara nyingi yamenyesha jana alasiri au usiku. Wasomaji wengine waliyaandika kwenye tarehe ya jana, wengine ya leo. Kwa anayetafuta jumla ya mwezi, haidhuru sana. Kwa anayechunguza gharika ya siku moja inaharibu kila kitu: vituo viwili vya bonde moja vinaonekana vimenyeshewa siku tofauti, na tukio kubwa lililobeba nyumba za watu linagawanyika kuwa mvua mbili za kawaida.

Huulizwa kama setilaiti hazijamaliza tatizo hili. Nazitumia kila siku na ninazithamini. Data za CHIRPS, zinazotengenezwa na Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, zinaonyesha mvua tangu 1981 kwa miraba ya takriban kilomita 5, na mtu yeyote anazipata bure. Lakini setilaiti zinazotumika humo hazipimi maji yaliyofika ardhini. Zinapima joto la kilele cha wingu: kikiwa baridi sana, wingu linahesabiwa kuwa refu na lenye mvua. Mtu wa Lushoto au Amani anaijua mvua ya namna nyingine, ya wingu la chini linalosukumwa na upepo wa baharini kupanda mteremko, likanyesha kutwa bila kurefuka sana. Mvua hiyo setilaiti huikosa au huipunguza. Ndiyo maana watengenezaji wa CHIRPS wenyewe huchanganya picha za angani na vipimo vya ardhini. Na vituo vya Afrika ambavyo vipimo vyake vinafika kwenye hifadhi za kimataifa leo ni vichache kuliko vya miaka ya 1970.

Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi karibu 2010, mvua za masika za Afrika Mashariki zilipungua, wakati modeli za tabianchi zinaonyesha kwamba eneo letu litapata mvua zaidi. Fumbo hilo limeandikiwa tafiti nyingi. Uchunguzi wa mvua ya siku kwa siku ulifichua sehemu yake: ukali wa mvua haukupungua, bali msimu ulifupika, ukichelewa kuanza na kuwahi kukoma. Mkulima wa mahindi ataniambia alilijua hilo zamani. Ni kweli, lakini serikali haipangi mbegu wala bima ya mazao kwa kauli yake. Inadai namba, na namba za jumla ya msimu zisingeeleza kilichompata.

Kisha kuna Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalifunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu, Kivu Kusini nchini Kongo. Waliokufa walizidi 400. Siku mbili kabla, upande wa Rwanda, zaidi ya watu 130 walikuwa wamekufa. Wanasayansi wa World Weather Attribution walijaribu kupima kama mabadiliko ya tabianchi yalichangia mvua ile. Walishindwa, na wakaeleza wazi kwamba data hazikutosha. Aprili mwaka huohuo, kundi hilohilo, akiwemo Mkenya Joyce Kimutai, lilikuwa limechunguza ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza Oktoba 2020, likasema uwezekano wake uliongezeka kama mara 100 kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Ukame ule umepata jibu. Waliozikwa Kalehe hawajapata. Tukisimama kudai haki zetu kwenye mfuko wa hasara na uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, kwa msiba kama ule tutafungua faili gani?

Ndiyo maana naumia nikiona data tulizonazo zimefungiwa. Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alihitaji mvua ya kila siku ya miaka 50 kwa vituo vichache vya mlimani. Ofisi aliyoiendea ilimpa bei ya kila kituo kwa kila mwaka, na jumla ilizidi uwezo wake. Akaandika tasnifu kwa data za setilaiti peke yake, kuhusu mlima ambao mvua yake setilaiti haiioni vizuri. Siwalaumu wahudumu. Ofisi zimeambiwa zijitafutie mapato, nazo zinauza kilichopo kabatini. Lakini mvua ile ilisomwa na watu waliolipwa na umma, au wasiolipwa kabisa. Oktoba 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipitisha sera inayozitaka nchi wanachama kubadilishana bure data zao za msingi. Nchi zetu ni wanachama. Mwanafunzi wa Mzumbe au Maseno asipate kwa shida zaidi kile anachopakua mwenzake wa ng'ambo.

Rwanda inatuonyesha gharama ya kupoteza na faida ya kuhangaika. Mwaka 1994 mtandao wake wa vituo ulisambaratika, na kwa takriban miaka 15 sehemu kubwa ya nchi haikuwa na vipimo. Baadaye, kwa mpango wa ENACTS, wataalamu wake waliunganisha vituo vilivyosalia na setilaiti, wakapata mfululizo unaotumika leo. Ni kazi nzuri, lakini pengo limezibwa kwa makadirio. Mvua ambayo haikusomwa haisomeki tena.

Wabunge wa nchi zetu waondoe ada ya data za mvua kwa wanafunzi na watafiti wa umma, na wazifidie ofisi za hali ya hewa mapato hayo kwenye bajeti. Wasoma vipima mvua wa kujitolea walipwe posho ya kueleweka, kila mwezi. Nawe msomaji, kama shamba, shule, parokia au kiwanda chenu kina daftari la mvua la zamani, tafadhali msilichome wala kuliuza kwa wafunga maandazi. Lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na jalada, kisha pelekeni nakala kwenye kituo cha hali ya hewa kilicho karibu nanyi.